Mwenye Ndoo Anakwenda Mbio

Shela, Malindi
20 Agosti 1988

Wifi yangu Hindu,

Shikamoo. Natumai wewe na mumeo ni wazima hapo Kilifi. Sisi huku tuko salama, mimi na Saumu, ila kikohozi tu cha vumbi hili la Agosti.

Barua ya Muhidin ya kutoka Jeddah imenifikia, na wewe najua umepata yako, maana ameandika kwamba sote katutumia maneno yale yale. Anasema Saumu akionekana ana akili ya kusoma, abaki nami hapa aanze darasa la kwanza Januari. Akionekana hana, aje akae kwako, na habari ya shule isitajwe tena. Na mwamuzi ni wewe, kwa sababu yeye yuko mbali na mimi ni mama mtu, sitasema kweli.

Hilo la mwisho limeniuma, lakini nimelimeza.

Wifi, mnayoyasema huko nayasikia. Mnasema tangu lile degedege mtoto kazubaa. Ni kweli hasemi sana. Lakini anajua, na nitakwambia nimejuaje. Unaikumbuka ile kompyuta kuukuu aliyopewa ndugu yako kule hotelini alikokuwa karani, walipoletewa nyingine? Aliniachia alipoondoka, hiyo na talaka. Nimeifunika kanga ya buibui wekundu. Kila alasiri Saumu huifunua mwenyewe, akaiwasha, akatia kile kisahani cha plastiki chenye mchezo. Mna kijitu kimebeba ndoo ya maji, kinapita juu ya mapaa ya nyumba, kinaruka mianya, kinazima moto. Saumu anamwita Mwenye Ndoo. Mimi nikikamata vile vibonyezo Mwenye Ndoo huanguka nyumba ya kwanza. Saumu anampeleka nyumba ya saba, kimya, ulimi nje kidogo kama fundi cherehani.

Mtoto asiye na akili hawezi hayo. Njoo umwone mwenyewe kabla hujaamua. Nitakupikia mkate wa sinia.

Wako mdogo,
Harusi


Kibarani, Kilifi
27 Agosti 1988

Harusi,

Marahaba. Sisi wazima.

Kucheza si kusoma. Hata mtoto wa paka hucheza na uzi, na hakuna aliyempeleka shule. Lakini ndugu yangu amenitwika kazi hii na sitaki kesho mtu aseme nilimhukumu mtoto bila kumtazama.

Malindi siji. Nina kazi. Ofisini kwa Bwana Fazal, hapa dukani kwenye saruji na mabati, tumeletewa kompyuta mpya kutoka Mombasa mwezi uliopita. Mimi ndiye ninayeitumia. Hiyo yenu ni kijibati tu mbele yake. Hesabu niliyokuwa nikingojea mpaka chai inapoa, hii inaitoa kabla sijavuta kiti. Mlete mtoto na hicho kisahani chake. Jumamosi tukifunga duka acheze hapo mbele yangu. Anayeweza kwenye kijibati ataweza zaidi kwenye kitu kizuri, au sivyo?

Na mkate wa sinia tunaujua kupika huku pia.

Hindu


Shela, Malindi
8 Septemba 1988

Wifi Hindu,

Shikamoo. Namleta Saumu kwa mkono wa Gona, jirani yangu wa mlango wa pili, anayekuja Kibarani kumtazama dada yake. Mtamrudisha naye Jumapili.

Kisahani kimo ndani ya daftari, nimekifunga na kitambaa kisipindike. Saumu halali bila kipande cha kanga yangu, nimemtilia kwenye mfuko. Akila usimharakishe. Ukimwuliza kitu asipojibu, ngoja, usimwulize mara ya pili, atajibu akiwa tayari.

Wifi, nimefurahi kweli kweli kwamba mashine yenu ni mpya. Hii yetu inakohoa kama mzee wa tumbaku. Kama kwenye hii anafika nyumba ya saba, nimekaa najiuliza kwenye yenu atafika wapi. Nimemwambia amwonyeshe shangazi yake. Akaitikia kwa kichwa, akajichagulia gauni la maua.

Harusi


Kibarani, Kilifi
12 Septemba 1988

Harusi,

Nimemwona.

Nilimweka kwenye kiti, nikamwekea mto afikie meza. Bwana Fazal alikuwepo, mume wangu alikuwepo, na Dzombo wa stoo alikuja akasimama mlangoni. Mchezo ukawaka vizuri. Huyo mtu wenu wa ndoo akaanguka kabla mtoto hajainua kidole. Tukamwanzishia tena, akaanguka. Tena na tena hivyo hivyo. Hata paa moja la nyumba hakulimaliza. Mtoto anabonyeza huku mtu ameshakufa zamani.

Dzombo akasema, "Huyu taa haziwaki juu," watu wakacheka. Mimi sikucheka, lakini nilichokuwa nakitazama ndicho hicho alichokisema. Mtoto akaanza kutoka machozi bila sauti, kang'ang'ania meza hataki kushuka. Ikabidi nimtoe kwa nguvu.

Ulinidanganya, Harusi. Na kama hukunidanganya basi ulijidanganya mwenyewe, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu umemfundisha mtoto kujiona anajua asichokijua. Nimemwandikia Muhidin siku ile ile.

Hindu


Shela, Malindi
16 Septemba 1988

Hindu,

Salamu nimeiacha makusudi.

Mtoto alirudi na alama ya vidole mkononi. Hajala vizuri. Hakusema neno tangu Gona alipomshusha, mpaka jana namsuka nywele ndipo akasema, "Mwenye Ndoo wa shangazi ana wazimu." Nikamwuliza wazimu gani. Nikangoja. Akasema, "Anakimbia. Hanisubiri."

Nikaondoa kanga, nikatia kisahani kile kile kwenye kijibati chetu. Mwenye Ndoo akatembea kama siku zote. Saumu alikataa kukaribia, nikamvuta, akacheza akilia, akafika nyumba ya sita.

Basi ubaya haumo kwenye kisahani wala haumo kwa mwanangu. Umebaki upande wenu. Mashine ile ni wewe unayelala ukiamka nayo. Uliifanya nini kabla mtoto hajafika? Kitu kilichokwenda vizuri nyumbani kwangu, kikavuka mlango wako kikapata wazimu, nikiita jina gani? Mimi nimesoma mpaka darasa la tano tu, lakini macho ninayo. Tangu siku ya ndoa yangu hujapata kunitakia heri, na tangu siku ya talaka unamtaka mtoto wangu. Leo umepata njia.

Ukampa na watu wa saruji wamcheke. Damu yako.

Harusi


Kibarani, Kilifi
24 Septemba 1988

Harusi binti wa watu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama, kwa sababu sikuamini. Umeniita mchawi kwa adabu. Ungeandika tu neno lenyewe, ungepunguza wino.

Mimi mashine ile naandikia hesabu za misumari. Sina dawa ya kuitia na sina haja. Mtoto ameshindwa mbele ya watu wanne na wewe unatafuta jini.

Alama ya vidole ni yangu. Nilimshika asianguke kitini. Ulitaka nimwache aanguke?

Na sasa sikiliza. Muhidin amejibu. Anasema nimfuate mtoto mwisho wa Desemba, kabla shule hazijafunguliwa, ili msihangaike na sare. Hapa atapata chumba chake, atapata maziwa, hatasumbuliwa na vitabu visivyomwingia. Mfungie nguo zake na kipande chake cha kanga. Hicho kijibati ubaki nacho, ndicho mlichoelewana nacho.

Ukikataa, njia ya kwa kadhi ni fupi kutoka kwako kuliko kutoka kwangu.

Hindu


Shela, Malindi
11 Oktoba 1988

Wifi Hindu,

Shikamoo.

Nimeirudisha shikamoo kwa sababu nina jambo la kukurudishia. Nilikudhania vibaya juu ya ile mashine. Juu ya mengine niko pale pale.

Nimekwenda kule hotelini kumtafuta Laban, yule karani aliyekuwa akikaa meza moja na Muhidin. Nilikaa nje jikoni na Saumu mpaka alipopata nafasi. Nikamwambia yote, hata na maneno ya wazimu. Akacheka, na mimi nilikaribia kumtupia kiatu, lakini akasema, "Mama Saumu, mtoto amesema kweli tupu. Hata sisi ilitupata."

Amenieleza hivi, na mimi nakueleza kwa jinsi nilivyoelewa. Aliyetengeneza mchezo ule hakumpa Mwenye Ndoo saa ya kutazama. Alimwambia piga hatua, kisha hesabu mpaka namba fulani, kisha piga hatua nyingine. Mashine za zamani zilikuwa zinahesabu polepole, na yeye alipima kwa hizo, hakuwa na nyingine. Hizi mpya zinahesabu mbio mno. Hatua zinakuja juu ya hatua. Ni kama umwambie msichana wa kazi asitazame chapati, ahesabu tu mpaka mia ndipo ageuze. Ukimpata mwenye ulimi wa haraka utakula unga mbichi kila siku. Chapati haina kosa, na mlaji hana kosa.

Nikamwuliza, kwa hiyo mashine nzuri ndiyo iliyoharibu? Akasema kwa hesabu za misumari ni nzuri. Kwa mchezo wa zamani ni nzuri kupita kiasi.

Hotelini wanayo mpya sasa, kama yenu. Alitia kisahani, nikamwona Mwenye Ndoo kwa macho yangu, nikaona aibu, maana hata sikumwona. Mstari tu kama mjusi ukutani. Kisha Laban akabonyeza kitufe kilicho mbele ya lile sanduku, karibu na tundu la ufunguo. Kitaa kidogo kikazimika. Mwenye Ndoo akatembea. Saumu akajivutia kiti mwenyewe bila kuambiwa, na makarani wawili wa hoteli wakaacha kazi kumtazama.

Kitufe hicho kimewekwa makusudi kuipunguza mbio, kwa ajili ya vitu vya zamani. Yenu lazima inacho. Laban amenitolea kisahani cha pili, nimekitia humu. Nakuomba kitu kimoja. Bonyeza kitufe, kaa wewe mwenyewe ucheze. Ukimaliza, kama bado unaona mwanangu hana akili, njoo Desemba umchukue mbele yangu, uniambie hivyo usoni.

Harusi


Kibarani, Kilifi
18 Oktoba 1988

Harusi,

Kitufe tunacho. Kimebandikwa plasta.

Fundi aliyeileta mashine alituambia taa ile ya kijani ndiyo nguvu yake, isizimwe. Bwana Fazal kusikia hivyo akamwita Dzombo, Dzombo akaleta plasta ya kidonda, wakakibandika siku ile ile ili mfagiaji asije akakigusa. Hakuna aliyekigusa tangu hapo. Unataka niibandue kwa maneno ya karani wa hoteli, niharibu kitu cha watu, kisha niseme nini? Nilitumwa na mtalaka wa ndugu yangu?

Umepata kitu cha kujishikiza. Kila mama hupata. Kisahani nimekiweka kwenye droo. Desemba ni Desemba.

Hindu


Kibarani, Kilifi
14 Novemba 1988

Harusi,

Usifurahi kabla hujafika mwisho wa barua.

Juma lililopita Bwana Fazal alikwenda Mombasa kwenye msiba. Nikafungua droo kutafuta risiti nikakiona kisahani chako. Nikasema basi, nikiweke nithibitishe uongo wako nipumzike. Plasta ikatoka na gundi yake. Nikabonyeza.

Yule mtu akatembea. Akafika ukingo wa paa, akawa ananingoja mimi. Nilikaa kama mjinga namtazama, badala ya kubonyeza aruke, mpaka moto ukamfikia.

Nimecheza siku tatu wakati wa chakula cha mchana. Nimefika nyumba ya pili. Mume wangu, mwenye cheti cha ualimu ukutani, hajaimaliza ya kwanza na amesema meza haikai sawa. Mtoto wa miaka sita anafika ya saba.

Dzombo alikuja mlangoni na kicheko chake. Nikamwambia karibu, Bwana Dzombo, wewe ni mtu wa akili, jaribu. Akakaa. Mimi nikiwa nimeinama kama ninayeokota kalamu nikabonyeza kitufe, taa ikawaka. Kisha nikawaita wapakiaji wote wa saruji waje wamtazame. Mtu wa ndoo alianguka mpaka Dzombo akatoka jasho la shingoni. Akataka kuondoka, nikamwambia bado, jaribu tena, mbona una haraka? Walipocheka wote na wakatosheka nikamwambia, "Taa haziwaki juu." Hajapita mlangoni kwangu tangu siku hiyo. Funguo za stoo ananitumia kwa mtu.

Muhidin nimemwandikia. Nimemwambia nilipima mashine nikadhani nimepima mtoto, na kwamba nafuta maneno yangu ya Septemba. Alisema niamue mimi, na nimeamua. Saumu abaki kwako aanze shule Januari.

Sasa yaliyobaki. Uliniita mchawi na hukuomba radhi, ulisema ulinidhania vibaya juu ya mashine. Nimeyaona maneno hayo na nimeyapima. Sijakusamehe. Mtoto hajui kula mboga, na hilo ni kosa lako, halina kitufe. Akishindwa shuleni kwa uzembe wako nitakuja kumchukua bila kuandika barua.

Plasta nimebandika mpya.

Hindu


Shela, Malindi
12 Januari 1989

Wifi Hindu,

Shikamoo. Sikujibu barua yako ya Novemba kwa sababu kila nikianza, ilikuwa inatoka ya matusi au inatoka ya machozi, na zote mbili usingezipenda.

Juzi nimempeleka Saumu shule. Nilimwogesha nikampaka mafuta mpaka akateleza mkononi. Njiani nikamwambia maneno mengi: mwalimu akikuuliza jina ujibu, akikuuliza baba yuko wapi useme Jeddah, akikuonyesha herufi useme. Nikawa nasema mbio kama mashine yenu. Akanitazama tu.

Kulikuwa na foleni ya kina mama mpaka kwenye lango. Na wifi, unajua walichowapima? Hakuna herufi, hakuna namba, hakuna aliyeulizwa kitu. Mwalimu kakaa kwenye benchi, kila mtoto akija anaambiwa apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili. Ukifika umekua, unaandikwa. Usipofika, rudi mwaka ujao. Nilisimama pale nikataka kucheka. Miezi yote ile tumetukanana kwa ajili ya akili ya mtoto, na serikali inataka mkono.

Nikaacha kucheka, maana mkono wa Saumu ni mfupi. Mtoto wa mbele yake alirudishwa, mkubwa kuliko yeye. Zamu yake ikafika. Mwalimu akamwonyesha. Saumu akakaa kimya, mwalimu akasema, "Huyu hasikii?" Nikasema, "Mwalimu, ngoja." Sijui nilipata wapi sauti ile. Akangoja. Saumu alikuwa anawatazama wale waliopita. Akapandisha mkono, vidole vikabaki nje ya sikio kidogo tu, kisha akakiegemeza kichwa upande mmoja, taratibu, mpaka sikio likavifuata vidole. Mwalimu aliona. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akauliza, "Jina?" Nikafungua mdomo, na Saumu akajibu mwenyewe.

Ameandikwa. Yuko darasa la kwanza, benchi la mbele, sare kubwa mpaka magotini itamfaa miaka miwili.

Juu ya neno lile, nakuomba radhi. Nilikudhania uchawi, haukuwepo. Juu ya alama ya vidole bado nimekasirika na nitaendelea kukasirika, usinihimize. Mboga anaanza kula mchicha ukiwa na nazi nyingi.

Mwalimu aliuliza, siku mtoto akipatwa na jambo na mama asionekane, aitwe nani? Nilifikiri sana mpaka wa nyuma yangu wakanung'unika. Ndugu zangu wako Lamu. Muhidin yuko Jeddah. Nikasema aitwe shangazi yake, Hindu, ofisini kwa Bwana Fazal, Kilifi. Mwalimu akauliza kama mnaelewana. Nikamwambia hatuelewani hata kidogo, lakini ukimwita atafika siku hiyo hiyo, na atakuja akigombana na kila mtu tangu langoni.

Harusi